Mfiwa Auliza: Mpenzi Wetu Amekwenda Wapi?

Somo kwa walimu wa dini na kwa jamaa za wakristu, katika mwezi wa kuwakumbuka marehemu



Kila mwaka, mwezi wa Novemba, Kanisa Mama yetu hutushika mkono na kutupeleka makaburini. Tarehe 1 twashangilia pamoja na Watakatifu wote; kesho yake, tarehe 2, twawaombea marehemu wote. Sikukuu hizi mbili zafuatana kwa makusudi, kwa maana mkristu hawezi kutazama kaburi bila kutazama mbingu. Kwa hiyo twataka kuwaletea somo juu ya kifo na uzima wa milele. Lakini hatutaanza na maneno ya katekismo. Tutaanza penye kilio, kwani ndipo imani yetu inapojaribiwa.

I. USIKU WA KILIO

Kijana mmoja ameshikwa na homa. Siku ya kwanza alisema kichwa chamwuma. Siku ya nne amefariki. Wanawake wamelia, watu wamekuja kutoka vijiji vya jirani, mikeka imetandikwa uani, moto umewashwa. Usiku wa pili wajomba wanakaa faraghani. Mmoja anasema: “Kijana mwenye nguvu hafi hivi hivi. Kuna mkono wa mtu.” Mwingine anajibu: “Tukusanye fedha, twende kwa mpiga ramli.” Hawajataja jina la mtu, lakini macho yamekwisha kugeuka upande wa nyumba ndogo iliyo mwisho wa kijiji. Humo anakaa bibi mzee, shangazi wa baba wa marehemu, mjane asiye na mtoto wa kumtetea.

Baba wa marehemu ni mkristu. Alibatizwa tangu utoto wake, amefunga ndoa mbele ya padri. Ameyasikia maneno ya wajomba, wala hakujibu neno. Usiku wa manane anaondoka kimya, anakwenda kubisha hodi nyumbani kwa mwalimu wa dini.

“Mwalimu, unisamehe kwa kukuamsha.”

“Karibu, Baba. Mwenye msiba haombi msamaha. Keti.”

“Mwalimu, kila Dominika nasema Nasadiki pamoja nanyi. Leo mdomo wangu wasema Nasadiki, lakini moyo wangu wauliza maswali ambayo sijui kama ni dhambi kuyauliza.”

“Si dhambi, Baba. Marta naye alimwuliza Bwana wetu penye kaburi la ndugu yake. Yatoe yote.”

Hatutaji kijiji wala jina, kwa maana kila mmoja wetu amekwisha kuona kilio cha namna hii, na pengine amekwisha kukaa mahali pa baba huyu. Maswali yake yalikuwa matano. Sisi nasi tuyatazame moja moja.

II. SWALI LA KWANZA: NI NANI ALIYEMWUA MWANANGU?

Tuanze na jambo moja lililo wazi: kulia si kosa. Yezu, Mwana wa Mungu, aliyejua kwamba baada ya saa chache Lazaro atatoka kaburini, alilia machozi hata hivyo (Yoane 11). Anayewaambia wafiwa wasilie kwa sababu ni wakristu, anataka wawe wakristu kumpita Kristu. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike wasiwe na huzuni. Aliwakataza kuwa na huzuni kama ya watu wasio na matumaini.

Lakini huzuni hutafuta mlango wa kutokea, na mlango ulio karibu ni kumtafuta mwenye kosa. Mitume wenyewe walikuwa na desturi hiyo. Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza mara moja nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu alikataa swali lenyewe: si huyu wala si wale (Yoane 9). Siku nyingine Yezu mwenyewe aliwatajia watu mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu 18. Hakuwaambia nani alileta balaa hiyo. Aliwaambia wageuze mioyo yao wenyewe (Luka 13).

Ugonjwa una sababu zake. Homa ya malaria yatoka kwa mbu. Kipindupindu chatoka katika maji machafu. Na mara nyingi mgonjwa hufa kwa sababu alichelewa kufikishwa hospitalini. Kuyajua mambo hayo si ukosefu wa imani. Mungu ametupa akili ili tuilinde afya ya watoto waliobaki. Tena twajua kwa imani kwamba mauti iliingia ulimwenguni kwa njia ya dhambi, ikawafikia watu wote (Warumi 5), wazee na vijana, wenye kinga na wasio na kinga. Hakuna ukoo uliopata kuikwepa.

Basi mpiga ramli anatuuzia nini? Hamrudishi marehemu, hajui yuko wapi. Anachouza ni jina. Na jina hilo, jamaa wakilipokea, litazaa kilio cha pili: bibi mzee atafukuzwa usiku, nyumba yake itachomwa moto, au atapigwa mpaka afe, naye hana kosa ila uzee wake na upweke wake. Hapo amri ya tano na ya nane zinavunjwa pamoja, mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Tena tujiulize: je, amani imepatikana? Haikupatikana kamwe. Anayepewa jina leo, kesho atahitaji jina jingine. Na ukoo uliokuwa mmoja utakuwa watu wanaotazamana kwa hofu penye chakula.

III. SWALI LA PILI: YUKO WAPI SASA?

Mwili twauweka udongoni, lakini roho ya mtu haifi. Mara tu inapoachana na mwili, inakutana na Mungu aliyeiumba, nayo inahukumiwa. Haizururi porini, haikai chini ya mti, hairudi usiku kuwasumbua walio hai ili wailipe deni. Papa Benedikto XII alifundisha rasmi mwaka 1336 kwamba roho haingoji mpaka siku ya mwisho ndipo ipokee fungu lake. Ndivyo Bwana wetu alivyomwahidia mhalifu aliyetubu msalabani: leo hii, si baadaye (Luka 23).

Roho iliyokufa katika urafiki wa Mungu, nayo safi kabisa, yamwona Mungu uso kwa uso. Hiyo ndiyo mbingu. Roho iliyokufa katika urafiki wa Mungu, lakini ingali na mavumbi ya dhambi ndogo na malipizi yasiyomalizika, yatakaswa kwanza. Hiyo ndiyo purgatorio, kama ilivyofundishwa na Mtaguso wa Florensi mwaka 1439 na wa Trento mwaka 1563. Wamo wenye matumaini ya hakika, kwa kuwa wote walio katika purgatorio wataingia mbinguni. Na mtu aliyemkataa Mungu kwa kusudi mpaka mwisho, naye hakutaka kutubu, ameuchagua mwenyewe utengano wa milele. Hiyo ndiyo jehanamu.

Walimu wapenzi, tufundishe kweli hizo zote tatu bila kuficha moja. Lakini tuwe waangalifu tunapofika penye kilio. Kanisa limewatangaza watu wengi sana kuwa Watakatifu, likataja majina yao. Lakini halijapata kumtangaza mtu hata mmoja kwa jina kwamba amepotea. Basi sisi tusithubutu kufanya jambo ambalo Kanisa halikufanya. Hatujui alichosema mtu na Mungu katika dakika yake ya mwisho.

Hapo baba wa marehemu aliongeza neno lililokuwa limemkaa moyoni miaka mingi: “Na babu yangu, Mwalimu? Alikuwa mtu wa haki, aliwalisha yatima, hakuiba mbuzi wa mtu. Alikufa kabla ya kusikia jina la Yezu. Je, nimwombolezee kama aliyepotea?”

Hapana. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1964 kwamba wale wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, na kwa neema yake wanajitahidi kutenda mapenzi yake kama dhamiri yao inavyowaonyesha, waweza kuupata wokovu wa milele. Wokovu huo nao watoka kwa Kristu, ingawa hawakujua kumtaja. Ndiyo maana katika Misa ya majimbo ya nchi yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, kusanyiko linawataja Watakatifu na pamoja nao wahenga wenye moyo mnyofu. Hatuwataji kwa kuwaogopa, wala hatuwatambikii. Twawataja kama watu wa nyumba moja nasi, tukitumaini kwamba Baba yetu amewapokea.

IV. SWALI LA TATU: NAWEZA KUMFANYIA NINI?

Hili ni swali la upendo, na Kanisa limelijibu tangu zamani. Karne nzima na zaidi kabla ya kuja Kristu, Yuda Makabayo aliwakuta askari wake waliokufa vitani wakiwa na dhambi. Hakuwalaani. Alikusanya fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili yao, kwa sababu aliamini ufufuko (2 Makabayo 12). Tazameni: wajomba wetu nao walitaka kukusanya fedha usiku ule. Tofauti si katika kukusanya. Tofauti ni mahali fedha zilipopelekwa.

Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alikuwa mwanamke wa Afrika ya Kaskazini. Mwaka 387 alipatwa na ugonjwa huko Ostia, karibu na Roma, mbali na nyumbani. Hapo kwanza alikuwa ametengeneza kaburi lake kando ya mume wake, kama wazee wetu wanavyotaka kuzikwa katika udongo wa ukoo. Lakini saa ilipofika, aliwaambia wanawe kwamba hana shaka tena juu ya mahali pa mwili wake. Aliwaomba jambo moja tu, wamkumbuke penye altare ya Bwana. Wangapi kati ya watu wetu wamezikwa mbali, katika machimbo, mijini, katika kambi za wakimbizi, au hawakuonekana tena wakati wa vita! Ninyi mnaolia kwa sababu hamkuliona kaburi, mfuateni Monika: penye altare hakuna marehemu aliye mbali.

Kwenye mwaka 998 hivi, abati Odilo wa monasteri ya Cluny, huko Ufaransa, aliwaamuru watawa wake wawaombee marehemu wote siku ya 2 Novemba, na desturi hiyo ikaenea katika Kanisa la magharibi. Mwaka 1915, katikati ya vita kuu ya kwanza, Papa Benedikto XV aliona wingi wa waliokufa na uchache wa wenye kuwaombea, akawapa mapadri wote ruhusa ya kusoma Misa tatu siku hiyo. Hata leo, mkristu anayezuru makaburi kati ya tarehe 1 na 8 Novemba na kuwaombea marehemu, akitimiza pia masharti ya kawaida, aweza kuwapatia rehema kamili.

Basi yatupasa kuwafanyia marehemu mambo haya: Misa, sala, rozari ya jamaa, sadaka kwa maskini, na kuzirekebisha dhuluma walizoziacha. Baba akifa na deni, wanawe walilipe. Hiyo ni sala iliyo na mikono. Lakini nini tuseme juu ya matanga yanayomaliza akiba ya jamaa kwa pombe, hata watoto waondolewe shuleni? Na tuseme nini juu ya ndugu wanaofika kabla ya siku arobaini kuchukua kitanda, sufuria, baiskeli na shamba, na kumwacha mjane na watoto uani? Mtu wa namna hiyo aweza kuleta shada la maua na kuagiza Misa ya kuimbwa. Lakini machozi ya yatima yatafika mbele ya Mungu kabla ya nyimbo zake. Anayempenda marehemu huwalinda wale aliowapenda marehemu.

V. SWALI LA NNE: TUTAONANA TENA?

Tutaonana. Wala hatutaonana kama vivuli. Kila Dominika twaungama ufufuko wa mwili. Yezu mfufuka hakuwa mzuka. Alikula samaki mbele ya mitume, akawaonyesha mikono yake yenye alama za misumari (Luka 24). Mkono ule ule uliopigwa misumari ndio uliofufuka.

Mtu atauliza: mwili uliooza utafufukaje? Mtume Paulo aliwajibu Wakorinto kwa mfano wa mbegu. Sisi tutazame muhogo wetu. Mwanamke anakata mti wa muhogo vipande vipande. Kipande kimoja ni kikavu, hakina jani, hakina mzizi. Mgeni asiyejua kilimo angekiokota kuwa kuni. Yeye anakitia udongoni, anakwenda zake, wala halii. Kwa nini halii? Si kwa sababu ameona majani, bado hajaona. Ni kwa sababu anaujua muhogo na anaijua ardhi. Mkristu naye halijui umbo la mwili utakaofufuka. Lakini anamjua Yule aliyefufuka kwanza.

Tena tunaye mmoja wa watu wetu aliyekwisha kufika na mwili wake: Bikira Maria, Mama yetu. Tarehe 1 Novemba 1950, Papa Pio XII alitangaza kuwa ni fundisho la imani kwamba Maria, alipomaliza maisha yake hapa duniani, alipalizwa mbinguni mwili na roho. Yaliyompata Mama ni ahadi kwa watoto. Ndiyo sababu Kanisa linawapa marehemu heshima hata katika miili yao, likiunyunyizia mwili maji ya baraka na kuufukizia ubani: mwili huu ulibatizwa, ulikula Mwili wa Kristu, nao utaitwa tena.

VI. SWALI LA TANO: NA MIMI NITAKUFAJE KWA AMANI?

Hapa tusikilize fundisho la ndugu yetu, mtu wa nchi yetu. Isidori Bakanja alikuwa kijana wa Wamongo, mfanya kazi wa mikono. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 karibu na mji unaoitwa leo Mbandaka. Alivaa shingoni skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, na kila alipokwenda kazini aliwafundisha wenzake kusali. Baadaye alipata kazi katika shamba la wazungu huko Ikili. Mkubwa wa mahali pale aliichukia dini. Alimwamuru avue skapulari ile, naye akakataa. Mwanzoni mwa mwaka 1909 Bakanja alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari, mapigo yaliyopita mia. Mgongo wake ulikuwa jeraha moja, nalo likaoza. Karibu miezi sita aliteseka. Mwezi wa Julai mapadri wawili walimfikia. Aliungama, akapakwa mafuta matakatifu, akapokea Ekaristi. Walipomsihi amsamehe mtesi wake, alijibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya kupalizwa Bikira Maria, skapulari ikiwa shingoni mwake. Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Wasomaji wapenzi, tafakarini jambo hili. Sisi twapoteza fedha na amani ili tumjue aliyemwua mtu wetu. Bakanja hakuhitaji mpiga ramli. Alimjua aliyemwua, kwa jina na kwa uso. Na alipomjua, alifanya nini na ujuzi huo? Aliugeuza kuwa sala. Ndivyo alivyofanya pia Mwenye heri Anuarite Nengapeta, mtawa kijana wa Wamba, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kulinda nadhiri yake ya usafi: alimsamehe aliyemwua kwa maneno ya Bwana wetu msalabani. Haki ya serikali ina kazi yake, nasi hatuikatai. Lakini kama mtu aliyeuawa kweli aliweza kufa pasipo kisasi, sisi tutasema nini tunaowashtaki wasio na kosa?

Amani ya kifo chema basi haidondoki siku ya mwisho kama mvua. Hupandwa mapema. Ungama dhambi zako ungali na nguvu. Patana na ndugu yako kabla jua halijatua. Andika au tamka mbele ya mashahidi mapenzi yako juu ya mali, ili mjane na yatima wasionewe. Tena, mwite padri mapema. Wengi huogopa wakidhani kwamba mafuta matakatifu humwua mgonjwa, kwa sababu wameona padri akiitwa saa ya kukata roho. Tangu Papa Paulo VI alipotengeneza upya ibada hiyo mwaka 1972, Kanisa limezidi kutukumbusha kwamba Mpako wa wagonjwa si wa wanaokata roho peke yao. Ni wa kila mkristu aliyeshikwa na ugonjwa mzito au aliyedhoofika kwa uzee. Kumwita padri si kumfukuza mgonjwa duniani. Ni kumpa mwenzi wa njia, apone au aondoke. Na kama aondoka, Ekaristi ya mwisho, yaani Viatiko, ni posho yake ya safari.

VII. ASUBUHI

Kulikucha, na baba wa marehemu akaondoka kwa mwalimu. Hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda mwisho wa kijiji, kwa shangazi yake, ambaye usiku kucha hakulala kwa hofu. Alimshika mkono, akaja naye penye kilio, akamketisha kwenye mkeka ubavuni mwake, mbele ya wajomba wote. Kisha akasema:

“Wajomba zangu, nawaheshimu. Mwanangu nimemzika mara moja. Sitamzika mara ya pili kwa kumwua Shangazi. Fedha mlizokusanya, nusu tumpelekee padri kwa Misa, nusu iwasaidie wadogo zake marehemu shuleni. Anayetaka kujua mwanangu yuko wapi, aje tusali rozari.”

Wengine walikaa wakasali. Wengine waliinuka wakaenda zao kwa hasira. Baba yule aliendelea kulia siku nyingi, na hata leo akipita penye kitanda cha mwanawe moyo wake wauma. Lakini aliacha kuuliza nani amemchukua, kwa maana alijua nani amempokea. Hiyo ndiyo amani ya imani: haiondoi machozi, haifunui siri zote za ng'ambo, inatuachia mkono mmoja wa kushika, mkono wenye alama za misumari.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji au mtaa wetu, penye kilio, ni nani huogopa zaidi? Sisi wakristu twamlindaje?

2. Bakanja alimjua aliyemtesa. Alifanya nini? Kuna mtu gani ambaye mimi sijamsamehe bado?

3. Ni nani marehemu wetu asiye na mtu wa kumwombea? Tutamtolea sala gani mwezi huu?

4. Je, katika jamaa yetu yumo mjane au yatima aliyenyang'anywa mali? Tutarudisha nini, na lini?

5. Wagonjwa na wazee wa mtaa wetu wameletewa padri? Nani atakwenda kumwita wiki hii?

SALA

Ee Yezu, uliyelia penye kaburi la rafiki yako, uwatazame wote wanaolia leo. Uwapokee marehemu wetu, tunaowajua makaburi yao na tusiowajua. Uondoe katika vinywa vyetu majina ya kuwashtaki ndugu zetu, utie ndani yake jina lako. Na siku utakapotuita sisi, utukute tumepatana. Amina.